Mkono Uliofaulu

Siku Fredy alipomfunga Vumilia zile saa mbili, moja kila mkono, mtoto alizisogeza sikioni akasikiliza. Hazikulia. Akamgeukia mama yake kwa uso wa mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Fredy, mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija Kharumwa kutoka kituo kimoja cha watoto nje kidogo ya mji wa Geita, alicheka, akaeleza kwamba hizi si saa za kutazama muda. Ndani mna kitu kidogo kinachohisi mkono ukisogea, nacho kinaweka kumbukumbu umesogea kiasi gani, tangu asubuhi hadi jioni, mtoto akila, akicheza, akijikuna. Watu wazima waliopigwa na kiharusi nao huvalishwa. Baadaye kompyuta inaiweka mikono miwili pamoja na kuonyesha upi unafanya kazi na upi umelala.

Eufrasia, mama yake Vumilia, alisikiliza kwa heshima zote na kuitikia kila mahali panapotakiwa kuitikiwa. Hakuuliza kitu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakupata kukaa kwenye benchi la zahanati na mtoto mapajani, huku foleni nzima nyuma yao ikisubiri wamalize.

Alitaka tu kujua kwa nini mtoto asipimwe pale pale. Fredy alilijibu hilo kabla hajaulizwa. Alisema mbele ya daktari mtoto huogopa, mkono ukagoma hata kama unaweza, au mtoto akajikaza akafanya mambo ambayo nyumbani hayafanyi kabisa. Ukweli uko nyumbani, alisema, na saa haiogopi mtu wala haidanganyi. Kisha akaongeza lile neno lililomkaa Eufrasia rohoni: baada ya kupima, kituo kitachagua watoto wachache wakae bwenini muhula mzima, wafundishwe kila siku kuvaa, kula na kujisaidia wenyewe.

Neno hilo lilimkaa kwa sababu Vumilia alikuwa ametimiza saba na shule ilikuwa haijamtaka. Kichwa chake kilikuwa kizima, tena kuzidi cha wenzake wengi. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, ngumi imefumba, na mguu wa upande huo ukiburuta kidogo. Mwalimu mkuu alimpokea Eufrasia vizuri, akamkaribisha kiti, akamwambia amrudishe mtoto akishaweza kwenda chooni na kuvaa nguo mwenyewe, kwa kuwa darasa limefurika na mwalimu ni mmoja. Ukifikiria vizuri, hakusema uongo. Eufrasia alirudi nyumbani akiwa na sare aliyokwisha kumshonea mtoto, akaikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku.

Sasa msikilizeni mama huyu vizuri kabla hamjamhukumu.

Mwaka aliombeba Vumilia, yeye na mumewe Enock walikuwa machimboni. Enock alishuka duarani, ndani ya shimo la dhahabu, yeye aliosha mchanga mwaloni, penye maji ya kuoshea, na wanawake wengine, tumbo likiwa limefika mwezi wa mwisho. Uchungu ulipomshika alisema amalizie karai moja. Karai moja tu. Alipofikishwa zahanati mtoto alikuwa ameshachoka tumboni, na alipotoka alikaa muda mrefu bila kulia. Miaka miwili baadaye, hospitali, hali yake waliiita mtindio wa ubongo. Hakuna aliyemlaumu. Muuguzi alimwambia mambo haya yana sababu nyingi, na Enock hakuwahi hata kuligusa jambo hilo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na karai lile halikumtoka Eufrasia moyoni. Zamani alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango. Baada ya Vumilia aliendelea kwenda kanisani, ila nyimbo zilipoanza alikaa kimya, na watu wakazoea.

Enock sasa alikuwa akichimba upande wa Kahama, akirudi mvua zikijaza mashimo. Nyumbani walikuwa wawili, mama na mtoto, na ng'ombe mmoja wa maziwa walioachiwa na baba mkwe.

Baada ya wiki chache Fredy alirudi Kharumwa kuangalia zile saa zimeweka nini. Alifungua kompyuta mezani, akawaita wazazi mmoja mmoja. Mstari wa mkono wa kushoto wa Vumilia ulipanda na kushuka kama vilima. Wa kulia ulilala chali. Eufrasia aliutazama ule mstari uliolala akaona aibu kama vile ni yeye aliyeitwa mbele ya darasa. Pembeni yake alikaa mama mwingine, Violeth, aliyetoka vijiji vya upande wa pili wa wilaya na mwanawe Abel, na mstari wa Abel nao ulikuwa umelala vile vile. Violeth alitazama, akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akamfuta mtoto mate na kunyamaza. Eufrasia alimwona kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, akamhurumia, na ndani ya huruma hiyo mlikuwa na punje ndogo ya kujiona afadhali.

"Bado," Fredy alisema kwa upole. "Tutapima mara ya mwisho, ndipo tuchague."

Ukikulia katika nchi hii ya dhahabu, kuna jambo moja unalijua kuhusu kupima hata kabla ya kujua kusoma. Kitu kikipelekwa kwenye mzani, sharti kiwe kizito. Watu husali njiani kiwe kizito. Wapo wanaokisaidia kwa vidole, na wapo wanunuzi wanaokisaidia kwenda upande mwingine. Na shuleni ni yale yale, wanaochaguliwa ni waliofaulu. Basi Fredy aliposema kupima na kuchagua, Eufrasia alielewa kama ambavyo mimi na wewe tungeelewa: mkono utakaosogea sana ndio utakaopata nafasi. Haikumjia hata chembe kwamba kuna mzani duniani unaopendelea chepesi.

Kwanza alijaribu njia ya haki. Aliweka kipande cha kiazi upande wa kulia wa sahani, Vumilia akajipinda akakichukua kwa kushoto. Aliufunga mkono wa kushoto kwa kanga kama Fredy alivyomwelekeza, kwa muda mfupi, mtoto akae na wa kulia tu. Vumilia alijitahidi mpaka jasho likamtoka puani, ngumi haikufunguka, akalia kwa sauti ya chini isiyotaka kumsumbua mtu. Eufrasia akamfungua upesi. Kilio kile kilimshinda.

Kibuyu kilikuja chenyewe. Alasiri moja alikuwa amekaa chini akisukasuka maziwa yaliyoganda ili apate siagi, kibuyu kikienda mbele na kurudi juu ya mapaja yake, Vumilia akaja akamwegemea kama kawaida yake. Ule mkono wa kulia ukaangukia shingo ya kibuyu na kuanza kwenda nacho. Mbele, nyuma. Saa nayo ikaenda, mbele, nyuma. Eufrasia aliacha kusukasuka. Akaitazama ile saa. Kisha akainuka, akachana upindo wa kitenge cha zamani, akaufunga mkono wa mwanawe kwenye kibuyu, taratibu, usimuume, akaendelea.

Kuanzia siku hiyo kila alasiri ilikuwa ni kibuyu. Vumilia hakulia hata mara moja. Alikaa katikati ya miguu ya mama yake, mgongo kwenye kifua chake, maziwa yakigonga ndani mbele yao. Siagi ilipokwisha kutoka waliendelea. Siku ambazo ng'ombe hakutoa cha kutosha, Eufrasia alitia maji kibuyuni wakasukasuka maji. Jirani yake Bernadina, mwanamke asiyepitwa na jambo, alisimama uani akasikiliza, akauliza ni siagi ya namna gani inayotoka kisimani, maana na yeye angependa kuijua. Eufrasia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Bernadina alipita kutangaza, si habari za maji, bali kwamba Mama Vumilia ameonekana akicheka.

Na aliimba. Sijui alianza lini, na yeye mwenyewe hakujua. Mikono ikienda na kurudi, wimbo hutafuta njia. Zilimtoka nyimbo za kwaya, kisha zile za Kisukuma za kulimia alizozisikia kwa mama yake, na sauti, baada ya miaka saba ya kufungiwa, ilikuwa bado nzima. Vumilia aligeuza shingo akamtazama mdomoni wakati wote wa wimbo.

Siku ya majibu wazazi wote waliitwa Geita, kituoni. Eufrasia alimvalisha Vumilia ile sare. Ndiyo, ile iliyokuwa chini ya sanduku. Alijua ni mapema, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kutangulia.

Ndani, Fredy alipanga vibao vidogo mezani, akamwomba Vumilia anyanyue kimoja kwa mkono wa kulia. Mtoto aliutazama mkono wake. Ngumi ilibaki kifuani. Fredy alisubiri, akabembeleza, kisha akavikusanya vibao bila wasiwasi wowote, akisema ni aibu tu, ndiyo maana tunaiamini saa. Akafungua kompyuta, akaigeuza upande wa Eufrasia.

Mstari wa kulia ulikuwa umeamka. Kila siku ulipanda, ukasimama juu muda mrefu, ukashuka.

"Hongera, Mama Vumilia," Fredy alisema. "Nyumbani mkono huu umekaribia kuufikia wa kushoto. Katika watoto wote, sijaona aliyepanda hivi."

Eufrasia alimvuta Vumilia karibu. "Kwa hiyo amechaguliwa."

Fredy alitabasamu kama mtu aliyebakiza habari iliyo njema zaidi. "Hahitaji, mama. Nafasi ni chache, tumewawekea wale ambao nyumbani mkono umekataa kabisa. Wewe kazi ya kituo umeshaifanya mwenyewe. Vumilia ataendelea hapo hapo nyumbani, na atafika."

Alisema mengine pia, kuhusu mazoezi na kuhusu kumtia mtoto moyo aache aibu mbele ya watu, lakini Eufrasia hakuyasikia. Alikuwa akimtazama mwanawe. Vumilia alikuwa ameinamisha kichwa akichezea kifungo cha sare kwa mkono wa kushoto. Mtoto aliyeambiwa amewashinda wote hakutabasamu hata kidogo. Eufrasia akadhani ni uchovu wa safari.

Alimtoa nje, akamkalisha kwenye benchi, akarudi ndani peke yake na kufunga mlango. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye meza ile.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namfunga mkono kwenye kibuyu cha maziwa. Nausukuma mimi. Yeye hausogezi."

Fredy hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Aliigeuza kompyuta upande wake, akautazama tena ule mstari, na safari hii aliona alichopaswa kukiona mwanzo: unapanda alasiri tu, saa zile zile, na nje ya hapo umelala chali kama zamani. Aliketi. Alisema saa inajua kwamba mkono umesogea, haijui nani ameusogeza, na hilo yeye alilijua tangu chuoni, lakini siku ile Kharumwa hakumweleza. Alimwambia tu kwamba saa haidanganyi. Wala hakueleza wanachagua kwa kipimo gani, kwa kuwa hakuna mzazi aliyeuliza.

"Mchague sasa," Eufrasia alisema. "Umeshajua."

Fredy alipitisha kiganja usoni. Alisema awamu nyingine ni mwakani, na mwakani Vumilia atakuwa amepita umri wa bweni. Kwa awamu hii vitanda vimekwisha. Cha mwisho amepewa Abel, na mama yake ameshaambiwa asubuhi.

"Naweza kwenda kumwambia asubiri, tupime upya," alisema. "Nikamwambie nini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa sababu hakujua, na alikuwa tayari kwenda. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, karibu na bomba la maji, Violeth alikuwa akimnawisha Abel uso, simu ameibana kati ya sikio na bega, akiongea Kisukuma na mtu wa kwao. Yule mwanamke wa kimya alikuwa anaongea bila kituo. Alisema jina la mtoto, akacheka, akalisema tena.

Wapo watakaosema Eufrasia alikuwa na moyo mwema. Mimi niliye mwangalifu nitasema ukweli ulivyokuwa. Dakika ile alimchukia Violeth. Alilichukia lile cheko, na alimchukia hata Abel kwa uso wake uliolowa maji. Akataka kusema ndiyo, nenda, mwambie asubiri. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Kisha akaliona lile karai, mchanga ukizunguka ndani, na yeye akisema ngoja kidogo, moja tu. Alikuwa amekwisha kumfanya mtoto mmoja asubiri. Hakuweza kumfanya wa pili.

"Mwache aende," alisema.

Fredy aliahidi kupita Kharumwa kila atakapopata safari ya huko, na tumtendee haki, alimaanisha. Akatoka naye mpaka kwenye benchi, akapiga goti mbele ya Vumilia na kumfungua zile saa. Chini yake ngozi ilikuwa imebaki nyeupe kidogo, duara kila mkono. Vumilia alisema shikamoo badala ya kwaheri, kwa haraka ya kuondoka, na Fredy akaitikia marahaba bila kumsahihisha.

Violeth alipowaona wakitoka alikuja mbio, akamshika Eufrasia mikono yote miwili. Alikuwa amesikia mtoto wa Kharumwa amefaulu kuliko wote. Alimpongeza kwa moyo wote, akamwita mayu, mama mwenzangu, akamwomba amwombee na Abel naye afike huko. Eufrasia alisema atamwombea. Baadaye alijishangaa.

Nyumbani Eufrasia alimvua Vumilia sare, akaikunja. Bernadina alichungulia uani kupata habari, akauona uso wa jirani yake, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wao akaondoka bila kuuliza. Eufrasia alikaa chini ukutani, miguu ameinyoosha, pale pale walipozoea kukaa, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuchagua mahali pengine.

Ilikuwa alasiri. Vumilia alikuja akiburuta mguu na kile kibuyu amekikumbatia kwa mkono wa kushoto. Alikiweka mapajani mwa mama yake, akaenda kuokota upindo wa kitenge, akaja nao mdomoni. Kisha akakaa mahali pake, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto kama anavyobebwa kifaranga, akaulaza kwenye shingo ya kibuyu, akangoja kufungwa.

"Hapana, mwanangu," Eufrasia alisema. "Saa zimerudishwa. Hakuna tena anayepima."

Vumilia hakuondoa mkono.

Basi akamwambia. Alimwambia kwamba hawakufaulu, kwamba bwenini ataenda Abel, kwamba mkono haukuwa umesogea, ni mama aliyekuwa akiusukuma ili saa ione. Alimwomba msamaha. Aliyasema yote yakiwa yamechanganyika, akijikanyaga, akilia waziwazi mbele ya mtoto wa miaka saba.

"Najua," Vumilia alisema.

Eufrasia aliacha kulia.

"Si mkono wangu huu?" mtoto alisema. "Hausogei. Nilijua."

"Mbona hukuniambia? Mbona hukumwambia Fredy?"

Vumilia aligeuza shingo akamtazama mama yake mdomoni, kama alivyozoea.

"Ungeacha kuimba."

Eufrasia alifunika uso kwa viganja. Alilia kilio ambacho hakulia siku ile aliyojifungua, wala siku ya mwalimu mkuu, wala mbele ya Fredy. Vumilia alisubiri, mgongo kwenye kifua cha mama yake, akitikisika kila mama alipotikisika. Aliposikia kimepungua, akakigonga kibuyu kwa mkono mzima.

"Ng'ombe hajakamuliwa," Eufrasia alisema. "Hakuna maziwa."

"Tia maji."

Akainuka, akatia maji. Akarudi, akaufunga ule mkono, taratibu, usimuume, akaanza kusukuma. Maji yakagonga mbele, yakagonga nyuma. Vumilia aliendelea kumtazama mdomoni, akingoja. Eufrasia alifungua kinywa mara ya kwanza, kisha mara ya pili, na hakuna kilichotoka, na mkono wa mtoto ukaendelea kwenda na kurudi.